Uwanja Uliokwisha Kufagiwa

Fulana zilikuwa za kijani, zote za kipimo kimoja, na aliyezigawa hakujishughulisha kutazama nani mnene na nani mwembamba. Zenaida Yescas aliivaa yake juu ya sweta, akaipiga fundo kiunoni isimfike magotini, kisha akahamia foleni ya pili, ile ya mifagio. Jua lilikuwa limepanda juu ya minara ya kanisa kuu. Uwanja wa mji ulikuwa bado na utulivu wa asubuhi ya Jumamosi, kabla ya wauza baluni na wapiga marimba kufika: viti vya chuma vimepanguswa, mawe ya sakafu yametiwa maji yakang'aa, na ingawa ulikuwa mwezi wa Machi, mijakaranda ikipukutisha maua usiku na mchana, chini hapakuwa na ua hata moja.

"Sasa hapa tunafagia nini?" aliuliza kijana aliyekuwa nyuma yake. Huyo alikuwa Iker Santibáñez, mwanafunzi wa sheria, ambaye tangu Oktoba walikuwa wakigawana meza moja katika ofisi ya maendeleo ya jamii.

"Tutaambiwa."

"Labda dhambi za mbunge. Lakini hizo, mama yangu, mifagio hii haitoshi."

Zenaida angecheka siku nyingine. Simu ilikuwa ikimtetemeka mfukoni.

"Binti yangu, umekwisha kupanda gari?" Sauti ya mzee Eligio ilikuja pamoja na mkoromo wa kifua chake, na nyuma ya mkoromo huo ilisikika spika ya kijiji ikiwaita watu kwa lugha ya kwao, kila nyumba mtu mmoja, mwenye sururu aje na sururu, mwenye koleo aje na koleo.

"Bado, baba. Niko uwanjani. Mkuu wetu wa ofisini amesema mbunge akifika, tukipigwa picha, ananiachia. Saa nne nitakuwa njiani."

"Saa nne."

"Nitawahi, baba."

"Sikusema hutawahi," alijibu mzee, akakata simu kabla kikohozi hakijamshika.

Huko Yalache, milimani, ilikuwa siku ya tequio, msaragambo wa kijiji, ambao kila nyumba huutolea mtu na hakuna anayeulizia ujira. Walikuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji kutoka chemchemini, tawi la mwisho, la mtaa wa juu, ulipo mlango wa mzee Eligio Yescas. Mzee huyo maisha yake yote alikuwa ameitika mwenyewe jina lake lilipoitwa. Alikuwa mlinzi, akawa mweka hazina, akasimamia sherehe za mtakatifu, na mwishowe akawa mkuu wa kijiji, kazi zote hizo bila mshahara, kama desturi inavyotaka. Kisha vumbi la machimbo ya mawe, alikokwenda kutafuta fedha za kumsomeshea binti yake, likamkaa kifuani. Mwaka uliopita alisimama mbele ya mkutano, akavua kofia, akasema kwamba nyumba yake haitakosa mtu, jina la binti yake liwekwe mahali pa lake. Mkutano ukakubali. Zenaida alikuwa amesimama nyuma ya baba yake siku hiyo, na moyo wake ulijaa kama wa mtu aliyevishwa joho.

Sheria ya maji ilikuwa fupi. Nyumba itakayokosa mara tatu, mtaro utaipita. Zenaida alikuwa amekwisha kukosa mara mbili, zote kwa ajili ya ofisi. Kumlipa kibarua akuchimbie kulikatazwa, kwa sababu wenyeji waliohamia kaskazini, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wakituma dola mpaka kijiji kikaanza kujaa vibarua na kuishiwa na wanakijiji. Aliyelipendekeza katazo hilo alikuwa mzee Eligio mwenyewe. Sheria ilikuwa na huruma moja tu: mchelewaji aliyeshika koleo kabla sufuria za chakula hazijafunuliwa alihesabiwa kuwa alikuwapo. Na sufuria hufunuliwa kazi ikiisha, yapata saa tisa alasiri. Gari la milimani huchukua muda wa saa nne. Akiondoka saa nne, angefika saa nane, na jasho la saa moja lingeinunulia nyumba ya baba yake bomba.

Hii ilikuwa hesabu aliyoamka nayo, na ilikuwa hesabu sahihi. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi. Hakuzoea kukosea hesabu.

Bwana Olegario Pimentel, msimamizi wa huduma ya jamii, ile ambayo kila mwanafunzi hulazimika kuitimiza kabla ya kupewa shahada, na ambaye wote walimwita Mkuu, aliwasili na kamera mbili na kijana wa kuzibeba. Akasimama katikati ya uwanja, akageuka pande zote nne, na uso wake ukasawijika.

"Nani amefagia hapa?"

Mama mmoja aliyevaa sare ya manispaa, mkokoteni wake ukiwa umejaa magunia, akainua mkono. Waliomfahamu walimwita mama Hermelinda. "Ni sisi, mheshimiwa. Tangu giza."

"Nimeona, mama. Umefagia vizuri mno. Ndiyo taabu yenyewe." Pimentel akafikiri, akiugonga mkanda wa saa yake kwa kidole. "Hayo magunia bado hayajaenda jalalani?"

"Bado."

"Hebu yarudishe."

Mama Hermelinda akamtazama kama mtu aliyeambiwa amrudishe samaki mtoni. Kisha akafungua gunia, akalimwaga taratibu mahali pamoja, kama anayewamwagia kuku mahindi: vikombe vya karatasi, maganda ya karanga, maua ya zambarau yaliyokwisha kusinyaa.

"Tawanya, mama."

"Kufagia ndiko nilikoajiriwa, mheshimiwa. Kutawanya sijasomea."

Iker ndiye aliyepiga teke la kwanza, akicheka, na wengine wakamfuata. Punde uwanja ukachafuka kiasi cha kuridhisha. Pimentel akawapanga wanafunzi kwa mstari, wafupi mbele, akawaambia wafagie taratibu wasije wakamaliza.

Wakafagia taratibu. Mbunge hakuja.

"Unajua mimi naona nini?" alisema Iker, akisukuma kikombe kimoja huku na huku. "Wafute tu hii kitu. Kumlazimisha mtu kujitolea ni kama kumlazimisha mtu kupenda. Anayetaka kusaidia atasaidia. Mwingine mwache amalize digrii yake aende zake."

"Wasiifute," alisema Zenaida.

"Wewe? Wewe uliyenyimwa ruhusa mara mbili?"

"Wewe chuo umelipa kiasi gani?"

"Hakilipiwi. Cha serikali."

"Kuna aliyelipa. Yule mama wa mkokoteni amelipa. Baba yangu kila anaponunua sabuni amelipa. Sasa ukimaliza uende zako, wao waambiwe nini?"

"Kwa hiyo deni la huyu mama unalilipa kwa kumwagia takataka uwanjani kwake?"

Zenaida aliyasukuma maganda mbele kwa ufagio. Aliamini alichokisema, alikuwa amekulia mahali ambapo mtu mzima asiyetumikia wenzake hahesabiwi kuwa mtu mzima. Mwezi wa Desemba alikuwa amepanda na wanaume wa Yalache hadi chemchemini, akapima mteremko kwa mpira mrefu wa plastiki, kama ule wa kumwagilia, uliojazwa maji, akawaonyesha pa kujenga tangi la kuvunja nguvu ya maji ili bomba lisipasuke kwenye bonde. Walijenga hapohapo alipoonyesha. Januari akaenda kwa Pimentel kuuliza kama huduma yake isingeweza kumaliziwa kule, kwenye kazi ile. Pimentel alitafuta kwenye orodha yake kwa haki kabisa, akavaa na miwani, kisha akasema kwamba Yalache haimo miongoni mwa taasisi zilizoidhinishwa kupokea wanafunzi. Kijiji kingeweza kuomba, na maombi hushughulikiwa mwaka unaofuata. Akarudishwa kwenye mashine ya kunakilia na birika la kahawa.

Saa nne ikafika. Zenaida akauegemeza ufagio kwenye kiti, akaenda alikosimama Mkuu.

"Mkuu, ulisema saa nne."

"Nilisema mbunge akifika."

"Ulisema atafika saa tatu."

"Na mimi niliambiwa hivyo, binti. Unadhani mimi nafurahia kusimama hapa?" Hakuwa na ukali. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, na simu yake aliishika kwa mikono miwili. "Ameahidiwa fulana arobaini. Nimezihesabu, ziko arobaini. Akizikuta pungufu ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe."

"Nyumbani wanachimba mtaro wa maji. Nisipofika kabla ya saa tisa, baba yangu hapati maji. Ni mgonjwa, Mkuu. Anateka bondeni."

"Pole sana. Kwa nini wasimwekee tu? Si mgonjwa?"

Zenaida angeanzia wapi? "Ile pia ni huduma kwa jamii," alisema mwishowe.

"Ina barua? Ina muhuri?"

"Haina."

"Basi ni mambo ya familia. Sikiliza, sikuzuii. Hapa si gerezani. Lakini ukiondoka kabla ya shughuli kwisha inaitwa utoro, na mtoro huanza upya, ofisi nyingine, tangu mwanzo. Na bila hii, shahada hupewi. Sheria sikuitunga mimi." Akashusha sauti. "Vumilia kidogo. Yuko njiani."

Mtu anayeusoma mkasa huu akiwa amekaa kitini anaweza kusema kwamba yeye angeondoka. Zenaida alitazama kona ya uwanja, upande wa kituo cha magari ya milimani, na miguu yake ilikwisha kugeukia huko. Lakini baba yake hakuwa amekula vumbi la machimbo ili binti aanze upya. Alikuwa na kifua kilichobaki na pumzi za kuhesabika, na neno alilolisubiri ni moja, kwamba mtoto amehitimu. Maji au shahada: Zenaida aliambiwa achague kati ya vitu viwili ambavyo baba yake alivilipia vyote.

Akaurudia ufagio.

Haikuchukua muda uwanja ukawa safi tena, maana watu arobaini hawawezi kufagia taratibu milele. Pimentel akapokea simu, akasema ndiyo mara kadhaa, akaigeukia safu ya kijani. "Amemaliza kifungua kinywa. Anakuja. Mwageni tena."

Safari hii mama Hermelinda alikuwa ameondoka kunywa uji wake wa mahindi, akaacha magunia pale pale. "Wewe hapo, mhandisi," aliita Pimentel, maana Zenaida ndiye aliyekuwa karibu na mkokoteni. "Fungua moja."

Akalifungua. Akaliinamisha. Maganda na vikombe vilimwagika juu ya viatu vyake, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumtuma, alitawanya kwa mguu wake mwenyewe. Kulikuwa na juma zima la takataka katika gunia lile, na harufu ya maziwa yaliyochacha.

Mbunge alifika mchana, akiwa amekunja mikono ya shati kabla hajashuka garini. Alikuwa mtu mchangamfu. Alipewa ufagio, akafagia mara tatu au nne kuelekea kamera, akaweka mkono begani kwa aliyekuwa jirani naye.

"Binti, unasoma nini?"

"Uhandisi wa ujenzi."

"Safi. Na leo umeshika ufagio. Mnaona?" aliwaambia wenye kamera. "Hawa ndio vijana tunaowataka. Nchi haijengwi ofisini."

Wakapiga makofi. Pimentel alipiga kwa nguvu kuliko wote, macho yake yakizihesabu fulana.

Zenaida alivua yake huku akikimbia. Gari la saa saba lilikuwa limebakiza kiti kimoja, nyuma, katikati ya mfuko wa saruji na mwanamke aliyepakata vifaranga katika boksi. Barabara ilipanda, ikajikunja, ikapanda. Alimpigia baba mdogo Fortino, mwenyekiti wa kamati ya maji, simu ikaita mpaka ikanyamaza. Aliye mtaroni huiacha simu yake kwenye koti. Mbele ya kijiji cha kwanza cha misonobari dereva alisimama kula. Abiria wakala pamoja naye. Zenaida aliketi garini, akauangalia ukungu ukiteremka. Saa tisa ilimkuta hapo.

Alipofika Yalache wanawake walikuwa wakisugua sufuria kwa majivu kwenye ngazi za ukumbi wa kijiji. Wanaume walikuwa wakiteremka mmoja mmoja kutoka mtaa wa juu, sururu mabegani, udongo mwekundu mpaka mapajani. Walimwamkia kwa heshima, kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja akatazama chini baada ya kumwamkia. Kwa kuona hivyo alijua.

Hata hivyo alipanda kutazama kwa macho yake. Mtaro ulikuwa umechimbwa vizuri, wenye kina, kingo zimenyooka kama alivyowaelekeza. Ulipanda kandokando ya njia, na mbele ya kila lango ulitoa mkono mfupi kuingia uani. Kwa Bautista ulitoa mkono. Kwa mjane Celerina ulitoa mkono. Mbele ya lango la mzee Eligio ulipita moja kwa moja, bila kupunguza mwendo, ukaenda kwa jirani.

Baba mdogo Fortino alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi. Alikuwa amemngoja.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Aliutazama mtaro. "Sufuria tulichelewa kuzifunua. Nilisema moto haujashika. Nikasema maharage hayajaiva. Mwishowe wenyewe wakaanza kunitazama."

"Najua."

"Watu wameona. Na tangi tulijenga pale uliposema, maji yanashuka vizuri, kila mtu anakusifu. Lakini msaragambo ni mikono. Nikikufungulia wewe kwa sababu ya kichwa, kesho mwingine atataka kwa sababu ya dola zake, na mwingine kwa sababu ya undugu. Na wewe ni mtoto wa ndugu yangu. Ndiyo mbaya zaidi." Akaigeuza kofia. "Sheria ni msumeno, mwanangu. Hii aliinoa baba yako."

"Itakuwa lini tena?"

"Tawi jingine likichimbwa. Bomba lenyewe limekwisha. Tutaomba serikalini." Alisema neno hilo la mwisho jinsi watu wa Yalache wanavyolisema, kama anayetaja jamaa aliyehama zamani bila kuacha anwani.

"Na baba?"

Fortino akavuta pumzi. "Alikuja asubuhi. Jina la nyumba liliitwa, pakawa kimya, tukamsikia anaitika kule nyuma. Alikuja na koleo. Nikamnyang'anya, mwanangu. Angefia mtaroni. Nikamwambia kaka, nenda nyumbani, jina si lako tena." Akafuta macho kwa kofia, pasipo kuficha. "Aligeuka tu."

Mzee Eligio alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Alikuwa amevaa shati jeupe, lile la mikutano, na viatu vyake vilikuwa na udongo. Hakumuuliza binti yake kwa nini amechelewa, wala kuhusu mtaro, uliokuwa hatua chache mbele yao. Alimwonyesha pa kukaa. Alimuuliza kama gari lilijaa, kama amekula. Zenaida alisema amekula. Wakaketi kama wageni wawili kituoni.

"Baba, nisamehe."

"Ulikuwa wapi?"

"Uwanjani, baba. Kwenye huduma."

"Ya serikali?"

"Ya serikali."

"Basi hukuwa umekaa bure. Mtu akiwa anatumikia watu hapa, hawezi kuwa anatumikia pale. Nilimwambia Fortino hivyo. Nikamwambia usimpe maji, lakini usiseme kwamba mwanangu ni mvivu." Kikohozi kikamkatiza, alikingoja kipite, mkono kifuani, kama anavyongojwa mtu mwenye maneno marefu. "Mlikuwa wengi?"

"Wengi. Wanafunzi watupu."

"Mmefanya kazi gani?"

"Tumefagia, baba."

Mzee aliipima kazi hiyo. Hakuwa na dharau juu ya ufagio. Mwaka wake wa kwanza wa utumishi, akiwa hajaota ndevu, alikuwa mfagizi wa kanisa, na mpaka leo aliweza kusema ni vigae vingapi vilikuwa vimepasuka.

"Ulikuwa mchafu sana, huo uwanja?"

Zenaida alitazama viatu vyake. Ganda la karanga lilikuwa limenasa kwenye kamba.

"Mchafu sana, baba."

"Basi," alisema mzee Eligio, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulilegea, "walikuwa na haja nawe."

Akafumba macho, apumzike. Zenaida aliingia ndani, akatoka na ndoo mbili, akauvuka mtaro, akashuka bondeni.